Riwaya na insha za kununua Moshi kabla ya Desemba

Ukiingia duka la vitabu hapa Moshi ukasema unataka riwaya, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: "Mama, ni ya kidato cha ngapi?" Muuzaji hana kosa. Wateja wake wengi wanakuja Januari na karatasi ya shule mkononi, wanachukua kitabu cha fasihi pamoja na pamfleti ya uchambuzi, basi. Lakini swali hilo ndilo linalotufanya tuamini kwamba riwaya ni mali ya mtihani, na mtihani ukiisha kitabu kinakwenda kufungia karanga.

Mimi nanunua vitabu kila mwaka kati ya Oktoba na mwanzo wa Desemba, kabla watu hawajapanda nyumbani. Desemba kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kina wageni: kaka wametoka Dar, shangazi wametoka Mwanza, watoto wamefunga shule. Wengine wanaleta mchele na vitenge, mimi naleta vitabu vitatu au vinne, nakwenda navyo nyumbani Kibosho, juu ya Moshi, kwenye begi moja. Kwa hiyo kipimo changu cha kupanga orodha hii ni kimoja tu: kitabu kitapita mikononi mwa watu wangapi kabla ya mwaka mpya. Kitabu ambacho binti wa miaka kumi na sita na mama yake wanakigombea kinapanda juu. Kinachosomwa na mtu mmoja kikarudi kabatini kinashuka, hata kama kimesifiwa na maprofesa.

Namba moja: Vuta N'kuvute

Adam Shafi aliitoa mwaka 1999, na wanafunzi wa kidato cha tano na sita wanaijua kwa sababu ya mtihani. Nawaomba waisome tena bila kalamu mkononi. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara mwenye umri wa kumzaa. Anatoroka. Ndugu zake wanamfungia mlango, anayempokea ni Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo, upande wa mji wa Unguja ulio nje ya Mji Mkongwe, mwenye chumba kimoja na moyo mpana. Kisha anaingia Denge, kijana anayepambana na serikali ya kikoloni na kuwindwa na makachero, na hapo mapenzi na siasa vinafungwa kamba moja.

Mwaka nilipokipeleka kitabu hiki nyumbani, mpwa wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alipewa kazi ya kumenya ndizi za mchare za chakula cha mchana, akakiegemeza kitabu kwenye ndoo akawa anamenya huku anasoma. Mnaojua utomvu wa ndizi mnajua hautoki. Nakala yangu mpaka leo ina alama nyeusi za kidole gumba pembeni mwa kurasa, kuanzia pale Yasmin anapofika kwa Mwajuma. Usiku mama yake akaichukua. Asubuhi walikuwa wanabishana kama Yasmin alikosea au hakukosea, na bibi, ambaye hakusoma hata ukurasa mmoja, akataka asimuliwe tangu mwanzo ili naye atoe hukumu. Sijawahi kununua kitu kingine kilichoikalisha familia yangu pamoja namna ile.

Umri: miaka kumi na sita kwenda juu, maana mambo ya mapenzi yamo na hayakufichwa. Filamu yake ilitoka mwaka 2021, imeongozwa na Amil Shivji. Kama mtoto ameiona filamu, mnunulie kitabu hata hivyo, maana Kiswahili cha Shafi hakiwezi kuingia chote kwenye picha.

Namba mbili: Siku Njema

Ken Walibora alikuwa Mkenya, na riwaya hii ya mwaka 1996 imesomwa sana shuleni Kenya, lakini inaanzia kwetu, Tanga. Kongowea Mswahili analelewa na mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu. Mama anafariki, mtoto anabaki na maswali kuhusu baba asiyemjua, halafu anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta. Nampa mtoto yeyote kuanzia miaka kumi na mitatu. Kina methali na misemo karibu kila ukurasa, na kijana anayeandika insha za Kiswahili shuleni atatajirika bila kujua anafundishwa. Wapo wanaolalamika kwamba misemo imezidi. Mimi nimeona watoto wanaikariri kwa raha na kuitumia mezani.

Ukikikosa Moshi, jaribu Arusha, au mwombe mtu anayevuka Holili kwenda Taveta. Ni kitabu cha upande ule.

Namba tatu: Peponi

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 aliiandika kwa Kiingereza, na Ida Hadjivayanis akaitafsiri, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Yusuf ni mtoto anayechukuliwa na tajiri ambaye yeye humwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anakua dukani, anasafiri na msafara wa biashara kwenda bara, na vita ya kwanza ya dunia inakaribia huku Wajerumani wakijitanua.

Kuna sehemu Yusuf anaachwa kwenye mji mdogo chini ya mlima mkubwa wenye theluji. Msomaji wa Moshi akifika hapo atainua macho dirishani. Nilifika sehemu hiyo siku ambayo mawingu yalikuwa yamefunguka jioni na Kibo iko wazi, nikasoma kurasa zile mara mbili.

Nimekiweka namba tatu, na siyo ya kwanza, kwa sababu kinataka uvumilivu. Mambo makubwa yanasemwa kwa sauti ya chini. Mpe mtu mzima, au kijana wa chuo anayesoma polepole. Wa kidato cha pili mwache kwanza.

Namba nne: Kusadikika

Hiki ni chembamba, na kwa pesa chache unapata kitu kikubwa. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, wakati Tanganyika iko chini ya Waingereza na yeye mwenyewe ni mtumishi wa serikali hiyo. Nchi inayoelea angani, mtu anayeitwa Karama anashtakiwa kwa sababu ametaka watu wafundishwe sheria, naye anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa na kuishia kifungoni. Kiswahili chake ni cha zamani kidogo. Kisome kwa sauti, kisa kimoja kila jioni, na utaona watoto wa miaka kumi na miwili wanasubiri mjumbe wa kesho.

Hapa nisimame niseme habari ya nakala, maana ndiko nilikoumia. Nakala yangu ya kwanza ya Kusadikika niliinunua mezani kwa mchuuzi, Arusha, nikiwa nakimbilia basi. Nilimuuliza, "Kaka, hii ni orijino?" Akaniambia, "Orijino kabisa, dada." Sikufungua. Nyumbani, siku ya tatu ya kuwasomea watoto, ukurasa wa 32 ukafuatiwa na wa 37. Mjumbe akakatwa katikati ya safari. Ilibidi nibuni kisa ili wasilale na hamu, na nilisikitika sana.

Tangu siku hiyo nakagua hivi. Nafungua kitabu katikati, siyo mwanzo, na kubana kurasa mbili zilale wazi. Kitabu cha kopi huwa na kivuli cha kijivu upande wa gundi, na herufi za mwisho wa mstari zinamezwa na mshono. Maandishi yake yanakolea na kufifia kutoka ukurasa hadi ukurasa. Jalada linaonyesha picha iliyovia, kama imepigwa picha ya picha. Kisha naangalia ukurasa wa mchapishaji: jina la kampuni, mwaka wa toleo na namba ya ISBN viwepo na visomeke. Mwisho napitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho. Dakika mbili tu, na muuzaji mwaminifu hakasiriki.

Na hata kopi ikiwa kamili, iache. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaikataza, lakini mimi nafikiria zaidi mwandishi, ambaye kwenye kopi hiyo hapati mrabaha hata shilingi moja. Tunalia kwamba riwaya mpya za Kiswahili ni chache, na sisi wenyewe tunamnyima mwandishi chakula.

Namba tano: kwa kijana anayesema hapendi kusoma

Usimpe Shaaban Robert. Mpe Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, ya mwaka 1974, yenye Willy Gamba, mpelelezi ambaye baba zetu walimsoma usiku kwa koroboi. Ina mwendo, ina hatari, na sura zinaisha mahali ambapo huwezi kufunga kitabu. Mpwa wangu wa kiume, aliyekuwa hajui ladha ya kitabu, aliimaliza kwa siku mbili akauliza kama kuna nyingine. Zipo, Musiba aliandika kadhaa. Ningeipandisha juu zaidi, ila wanawake wa nyumbani kwetu hawaitaki, wanasema wanawake ndani yake wamechorwa kama mapambo. Nakubaliana nao.

Kwa mdogo wake aliye kidato cha kwanza, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo inatosha: watoto wa Dar waliofukuzwa shule kwa kukosa ada, maisha yakawapeleka jalalani. Inahuzunisha. Soma naye.

Namba sita: Rosa Mistika

Euphrase Kezilahabi aliiandika akiwa kijana, ikatoka mwaka 1971, na kwa muda ilikatazwa shuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe, baba yake Zakaria anamlinda kwa kiboko na matusi, na ulinzi huo ndio unaomwacha bila silaha anapofika duniani. Ushauri wangu ni kwamba mzazi ainunue aisome mwenyewe kwanza, hasa baba. Ningependa kila baba mwenye binti bwenini awe ameisoma.

Insha ni kazi ngumu kuzipata

Hapa rafu zetu zina pengo. Ukiomba insha utaletewa kitabu cha kumfundisha mtoto kuandika barua rasmi. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, kilichapwa Johannesburg, na nakala ya zamani ukiikuta popote usiulize mara mbili. Kinachopatikana kwa urahisi zaidi ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ni wasifu, lakini sura zake zinasomeka kama insha: anaandika juu ya mke wake Amina aliyefariki, juu ya kazi na kudharauliwa kazini, na ndani yake mna tenzi mbili za kuwausia wanawe, wa kike na wa kiume. Kwa mtu mzima aliyefiwa sijui zawadi iliyo bora kuliko hiki, na kwa insha naweka hiki cha kwanza.

Cha pili ni Tujisahihishe ya Mwalimu Nyerere, ya mwaka 1962. Ni kijitabu, kinamalizika kwa kikombe kimoja cha kahawa, nacho kinawaambia wanachama wa TANU makosa yao bila kuwapaka mafuta. Kijana anayetaka kujua namna ya kumkosoa mtu kwa hoja bila kumtukana aanzie hapo. Ukimpeleka Arusha kwenye Makumbusho ya Azimio la Arusha, msomeshe na Azimio lenyewe la mwaka 1967. Iache siasa kando kwa saa moja, sikiliza sentensi: fupi, nyepesi, hazina neno la ziada.

Mahali pa kununulia

Anzia Maktaba ya Mkoa, hata kabla ya duka. Soma kurasa ishirini za kitabu unachokifikiria, kisha ndiyo ukatoe pesa. Baada ya hapo zunguka maduka ya mjini kati, siku ya kazi asubuhi, na ukiulizwa kidato cha ngapi jibu kwamba ni cha kusoma nyumbani. Mara nyingi muuzaji ataingia nyuma na kurudi na vitabu ambavyo havikuwa mbele. Januari usiende, maduka yamejaa wazazi wa shule na hakuna mwenye nafasi ya kuzungumza nawe.

Kisipopatikana, agiza Dar. Unalipa kwa simu, mzigo unapakiwa kwenye basi la asubuhi na jioni unaupokea stendi. Omba kwanza wakutumie picha ya ukurasa wa mchapishaji na ya kurasa mbili za katikati. Agizeni watu watatu au wanne kwa pamoja ili mgawane nauli ya mzigo. Waambie wafunge kitabu kwa nailoni ndani ya boksi, kwa sababu mvua za vuli zinakuwa bado zipo, na kwenye buti la basi kitabu hukaa na ndoo za samaki.