Jiko la kukunja, ugali wa Kolo na maneno ya yule kijana wa dukani

Naweka nyota moja. Mwanzo niliweka tatu, nikapunguza zikabaki mbili, na leo asubuhi nimekumbuka sura ya yule kijana nikafuta nyingine. Kwa hiyo ni moja, mpaka nitakapobadilisha tena.

Kitu chenyewe ni haya majiko madogo ya gesi ya kubeba kwenye begi, yale yanayofungwa kwa kuzungushwa juu ya kopo, miguu yake inakunjwa na jiko zima linaenea kiganjani. Uzito wake, nguvu zake na chuma chake someni kwenye boksi. Mimi nataka kuongelea ugali.

Nililinunua hapa hapa Dodoma mjini, kwenye duka lenye mabegi ya mgongoni, tochi za kichwani na mahema yaliyotundikwa kama nguo za mtumba. Ilikuwa kipupwe, mwezi wa saba au wa nane, ule wakati upepo wa Dodoma unakuamsha usiku kwa kupiga mabati. Tulikuwa tunajiandaa kwenda Kolo, kule Kondoa, kulala siku mbili: mimi, mume wangu, shemeji yangu na watoto wanne wa ukoo ambao likizo ilikuwa imewachosha kuliko shule. Nikamweleza kijana wa dukani bila kuficha kitu. Tuko saba, tunakwenda porini, tutapika. Akanijibu huku anasoma simu yake, "Mama, hili ndiyo lenyewe. Hili hata Kilimanjaro linapanda."

Nikalipa shilingi 85,000, kopo la gesi mbali. Linapanda Kilimanjaro, sawa, sibishi. Ila mimi sikuwa napanda Kilimanjaro, nilikuwa nakwenda Kondoa kula.

Barabara ya Babati siku hizi ni lami, safari haina cha kusimulia. Ukifika Kolo unapita ofisi ya mambo ya kale, unapewa mtu wa kuwaongoza, mnapanda kwenye mawe yenye michoro ya watu wa kale. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na kabla ya hapo mtafiti wa mambo ya kale, Mary Leakey, alikuja mwaka 1951 akaitazama na kuinakili kwa mkono, moja moja. Mtoto wa shemeji hakujali hata moja kati ya hayo. Alisimama mbele ya wale watu wembamba, warefu, wa rangi nyekundu, akauliza, "Hawa walikuwa wanapikia nini?" Tukacheka sote. Hiyo ilikuwa saa tisa alasiri. Saa moja jioni hakuna aliyekuwa anacheka.

Niseme ukweli kwanza, hasira zisinifanye mwongo. Tulipoteremka na kuonyeshwa mahali pa kuweka mahema, nilitoa jiko, nikalifunga kwenye kopo, nikapaka maji ya sabuni pale linapoungana nione kama kuna mapovu. Hakuna. Kile kitufe cha kuwashia kilitoa cheche mara moja, mara ya pili kikanyamaza, na hakijasema neno tena mpaka leo. Vumbi, nadhani. Nikatumia kiberiti. Tukalikinga upepo kwa ubavu wa gari, na kabla shemeji hajamaliza kufunga kamba za hema lake, maji ya chai yalikuwa yanatokota. Yaani nilipenda! Jiko la mchina la marehemu bibi yangu lingekuwa bado linanuka mafuta ya taa. Pale pale nilisema kwa sauti hiki kitu nakipa nyota nne, tano kama kitufe kingekuwa kizima. Mume wangu ni shahidi, na ananikumbusha kila nikianza kulisema jiko.

Sasa ugali.

Mume wangu kwao ni Mpwapwa na husonga mwenyewe, hana imani na ugali wa mtu mwingine. Akabandika sufuria ya watu saba, maji yakachemka vizuri tu, akatia unga, akashika mwiko. Anayejua kusonga anajua: mkono wa kushoto unazuia sufuria kwa kitambaa, wa kulia unagandamiza unga ukutani, na kadiri unavyokaza ndivyo sufuria inavyotaka kukukimbia. Mafiga yanastahimili hilo. Jiko la mkaa linastahimili, hata plate ya juu ya mtungi mdogo wa kilo sita inajitahidi. Hili langu lilikuwa ghorofa tatu: kopo chini, kichwa cha jiko katikati, sufuria juu, na msingi wa ghorofa zote ni kitako cha kopo, upana wake kama kisahani cha kikombe. Nilimwambia, "Baba nanii, taratibu." Akaniambia ugali hausongwi taratibu. Na kwa hilo, jamani, alikuwa sahihi.

Mguu mmoja ulijikunja. Sufuria ikaegemea kwangu, ikakaa hivyo kama inafikiri, halafu ikaenda. Nusu ya ugali mchangani, nusu kwenye kiatu cha shemeji. Lakini ugali si kitu, unga ulikuwepo mwingine. Kopo nalo lilianguka, likalala ubavu, jiko likiwa bado linawaka. Wengi hatujui hili na hakuna aliyetuambia: ndani ya kopo gesi imekaa kama maji, na linaposimama wima kinachopanda kwenye jiko ni mvuke wake. Likilala, yale majimaji yenyewe yanaingia kwenye tundu la mvuke, na moto unaoruka hapo si ule wa bluu. Uliruka wa njano, mrefu kuliko mtoto wa darasa la pili, ukalamba nyasi kavu za kipupwe. Watoto wakapiga kelele. Nilirukia kile kiwaya cha kufungia, nikazungusha upande usio wenyewe, moto ukazidi, nikazungusha upande wa pili, ukafa. Shemeji alimwaga dumu zima kwenye nyasi. Nywele za mkono wangu zilikuwa zimeungua, harufu yake ninayo mpaka sasa.

Hakuna aliyeumia. Nashukuru. Lakini niliketi chini na sikusema kitu kwa muda, na waliozoea kunisikia wanajua hiyo si kawaida.

Shemeji, mtu wa mawazo, akaja na wazo: tupange mawe matatu, sufuria ikae juu ya mawe, jiko liwekwe katikati chini yake. Nikakataa. Ukilifungia kopo la gesi kati ya mawe, moto unaorudi chini unalipasha joto lenyewe, na kopo la gesi lililopata moto sana halitoi onyo. Hata upepo ukiwa mkali kiasi gani, hilo la kulizungushia ngao pande zote msilifanye kwa majiko ya namna hii. Kingeni upande mmoja tu.

Bibi mmoja wa pale kijijini alikuwa anapita na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama. Akaangalia ugali mchangani, akaangalia kile kijidude, akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni cha kupashia uji wa mtoto?" Nikamwamkia, nikakosa jibu. Hakungoja. Mawe ya shemeji yalikuwepo tayari, akayasogeza mwenyewe kwa mguu, akatutolea kuni nne kwenye mzigo wake, na saa tatu usiku tulikuwa tunakula ugali na mlenda. Hela hakutaka, akakubali sukari. Moto wake tuliuzima kwa mchanga na maji mpaka majivu yakawa tope.

Hadithi ingeishia hapo, ningeweka nyota mbili, ningetulia. Kosa langu ni kurudi dukani.

Sikwenda kugombana. Nilikwenda na jiko, na ule mguu unaojikunja, na nia ya kuuliza tu kama unarekebishika. Kijana alilichukua, akaugeuza mguu mara mbili, akasema, "Mama, hili halina tatizo. Labda hamkujua kulitumia." Nikamwambia tulikuwa tunasonga ugali. Alicheka. Si kutabasamu, alicheka, akamgeukia mwenzake aliyekuwa anapanga viatu, "Eti wanasonga ugali!" Wote wawili. Kisha akanirudishia jiko kwa mkono mmoja, macho kwenye simu, akasema neno ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote: "Mwambie baba aje, nitamwelekeza."

Mwambie baba aje! Baba ndiye aliyelipindua! Mimi ndiye niliyepaka sabuni, mimi ndiye niliyelizima, nywele za mkono zilizoungua ni zangu, na nimwambie baba aje aelekezwe. Na unajua kilichoniuma zaidi? Sikusema hivyo. Nilisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, nikasema "haya, asante," nikatoka. Jibu lilinijia kwenye bajaji, tumekaribia Ilazo, na nilimjibu dereva wa bajaji, ambaye hakuhusika.

Sasa nirudi kwenye jiko, maana ni jiko ninaloliandikia. Nimeliangalia boksi lake upya. Picha yake ni theluji, mzungu, kikombe. Hakuna mwiko popote. Kwa hiyo boksi halikudanganya. Jiko hili limetengenezwa kwa mtu anayechemsha maji, anamimina kwenye chakula cha pakiti, anakula, analala. Kwa kazi hiyo ni zuri, nasema tena, zuri sana. Aliyedanganya ni aliyesikia "tuko saba, tutapika" akiwa Dodoma, akanipa chombo cha mtu mmoja wa kikombe. Dodoma! Mji ambao hata hoteli yenye kapeti itakuuliza ugali wa dona au wa sembe. Muuza jiko wa mji huu asipouliza "mtasonga?" anauza nini?

Na hili ndilo lililonifutisha nyota. Siku ile ile ya kurudisha, wakati wanacheka, niliona rafu ya juu kuna jiko jingine la gesi, fupi, la kulala chini karibu na ardhi, miguu yake imetanuka, na kopo linakaa pembeni kwa mpira wake. Chini kabisa, pana, sufuria haina pa kuanguka, na hilo unaweza kulikinga upepo bila kulipasha kopo moto. Nikauliza kwa nini hakunionyesha hilo siku ya kwanza. Akasema, "Hilo ni 140,000, mama. Nikaona hutaliweza."

Kila siku tunahimizwa nishati safi ya kupikia, lengo la serikali ni asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na mimi sina ubishi, nyumbani napikia mtungi. Lakini mwaka huo nitakuwa na nywele nyeupe, na kama wauzaji ni hawa, yule bibi wa Kolo ataendelea kupita na mzigo wake.

Haya, hasira zimeshuka kidogo. Jiko ninalo bado. Asubuhi umeme ukikatika na mtungi umeisha, nalitoa barazani, nje kabisa, maji ya chai dakika chache tu. Ndani ya hema au chumba kilichofungwa msiliwashe hata kwa baridi ya Njombe: linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, mtu analala haamki. Likianza kufifia na kopo bado zito, si kwamba gesi imekwisha. Kopo linapoa lenyewe linapotoa gesi, liache lipumzike kidogo. Na kujua kilichobaki, liwekeni kwenye beseni la maji. Likielea juu juu na kulala upande, linakaribia kwisha. Hayo nimejifunza mwenyewe, hayakuwa dukani. Kwa chai peke yake ningeweka nyota nne. Kwa mayai ya kukaanga, tatu. Basi wekeni mbili. Hapana, "mwambie baba aje". Moja.

Tatizo ni kwamba makopo yake hapa mjini sijayaona kwingine ila kwenye duka lile lile. Arusha na Moshi, kwa watu wa milima, yapo, lakini siwezi kwenda Arusha kwa ajili ya kopo. Kwa hiyo mwisho wa mwezi narudi, na nikifika nitalinunua lile la 140,000, taslimu, noti za elfu kumi kumi, nizihesabu polepole juu ya meza yake. Baba naye nitakwenda naye, kama nilivyoagizwa. Atasimama nyuma yangu, kimya, ameshika mwiko.