"Shida ni mguu wako": uzoefu wangu na Nissan Leaf, gari la umeme la mtumba, hapa Kampala

Nianze na yule kijana wa bondi, yadi ya magari ya mtumba, aliyeniuzia gari, maana nikianza na gari nitalisifu, na leo sikukaa hapa kusifu.

Nilimrudia nikiwa nimevimba. Alikuwa ameegemea boneti ya gari la mtu mwingine anakula roleksi, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, mafuta yanamchuruzika mpaka kiwikoni. Nikamwambia: uliniahidi kilomita 200 kwa chaji moja, mimi nimeishiwa kwenye mia moja. Hakuniangalia. Alimeza kwanza, akafungua mlango wa gari langu bila kuomba, akabonyeza kitufe cha kuwashia kwa kidole kile kile cha mafuta, akakodolea dashibodi sekunde mbili hivi. Kisha akasema, "Hajjati, gari halina shida. Shida ni mguu wako."

Makka sijafika. Hajjati ni kilemba cha ukoka tu, hapa Kampala ukijitanda mtandio umeshahiji. Lakini hilo la mguu lilinipata. Na alivyoongeza kwamba "nyie akina mama mnakanyaga kama mnaponda karanga", wenzake wakacheka, nikaondoka bila kufunga mlango vizuri. Taa ya mlango ikaniwakia njia nzima hadi nyumbani Kireka.

Sasa yaliyotangulia.

Ilikuwa siku ya pili ya Idi, ya mwaka jana au ile ya kabla yake, zimenichanganyikia. Sisi ni Wanubi wa Bombo, na sikukuu bila kuzunguka kwa ndugu kwetu si sikukuu. Tukatoka Kireka asubuhi kwenda Jinja kwa mama mdogo. Haboba, bibi yetu, nyuma katikati ya watoto wawili, dada yangu mbele na sinia la kaimati mapajani. Betri imejaa, mia kwa mia. Kiyoyozi nimekifungua chote kwa sababu haboba hataki vumbi la barabarani liguse nguo yake ya Idi.

Ambaye hajawahi kuendesha hili gari hawezi kunielewa. Halina mlio. Unakanyaga, linaruka kama limechomwa sindano. Malori yote ya mpakani Malaba niliyakuta na kuyaacha. Mia, mia na kumi. Dada akasema polepole bwana, nikamjibu, "Hili halinywi mafuta." Neno hilo dada amenikumbusha mara nyingi kuliko tarehe yangu ya kuzaliwa.

Tulifika Jinja chaji imebaki robo na kidogo. Sikuogopa, nilikuwa na waya wangu kwenye buti, nitachomeka kwa mama mdogo wakati tunakula. Tunaingia, umeme hakuna. Umekatika tangu usiku. Tukala, tukasubiri, tukaswali, tukasubiri. Alasiri namba kwenye dashibodi inasema zimebaki kilomita 38. Nikapiga hesabu: nina binamu Lugazi, hapafiki 38, nitachomeka kwake. Na kijana wa bondi aliwahi kuniambia kwa mdomo wake, "Hiyo namba usiiogope, chini yake kuna akiba kama tanki la petroli." Akiba! Nikatoka Jinja na akiba ya maneno.

Kile kilima baada ya daraja la Nile, ukiingia Njeru, kiliilamba ile 38 kama mtoto na aiskrimu. Nilikuwa bado nakwenda themanini na kitu, kiyoyozi kinavuma. Ndani ya msitu wa Mabira taa ya manjano ikawaka. Halafu namba yenyewe ikafutika, vikabaki vistari vitatu. Dada akauliza vistari vitatu ni kilomita ngapi. Halafu akatokea kobe. Wajapani wamechora kobe jamani, kobe mdogo anawaka kwenye dashibodi, na gari likawa kobe kweli: unakanyaga, halisikii. Nikaliburuta hadi Najjembe likafia pembeni palepale wanapouza kuku.

Mnaijua Najjembe. Ukipunguza mwendo tu umevamiwa. Vijana ishirini na makoti yao, vijiti vya kuku madirishani, gonja ya moto, zile ndizi za kuchoma, chupa za maji, kila mmoja anaapa kuku wake ndiye mkubwa. Mimi nalia, wao wananipunguzia bei. Mmoja alipoelewa gari limeisha umeme akacheka mpaka akakaa chini, kisha ndiye huyo huyo aliyenitafutia kinyozi mwenye soketi. Tukalisukuma hadi mlangoni kwake. Kinyozi alikubali kwa sharti nimtumie Yaka, umeme wa kulipia kabla, ya elfu kumi kwanza, aione kwenye mita. Haki yake. Masaa mawili na nusu tumekaa pale, plagi inachemka, nainusa kila dakika tano kama mama anayenusa maziwa. Watoto walikula kuku hadi wakalala. Haboba alisema petroli ingekuwa na adabu zaidi.

Binamu wa Lugazi simu hakupokea. Basi nikaondoka pale kwa hofu tupu. Kiyoyozi nimezima, madirisha wazi, haboba kajifunga mtandio usoni, na mbele yangu lori la miwa linajikokota hamsini kwa saa. Siku nyingine ningelipita nikipiga honi. Usiku ule nililiona kama baba yangu mzazi, nikalifuata kwa mbali. Lilipokunja Lugazi mimi nikabaki na hamsini yangu, matatu na mabasi yananipigia taa kwa matusi. Na hapo ndipo nikaona kitu. Gari hili linaonyesha kilomita ngapi unapata kwa kila uniti ya umeme. Asubuhi ilikuwa 6. Usiku ule ilipanda 7, 8, ikapita 8. Nikapanda kilima cha Kireka vistari vitatu vimerudi, lakini kobe hakutokea.

Kwa hiyo kijana aliponiambia shida ni mguu, nilikuwa nimeshajua. Ndiyo maana niliumia. Ukweli ukitoka kwenye mdomo wenye mafuta ya roleksi haumezeki.

Nikajifunza upya kuendesha, kwa hasira, ili siku moja nimwonyeshe. Kikubwa ni upepo. Mwendo ukiuongeza mara mbili, upepo unakuzuia mara nne, ndiyo maana kati ya 70 na 110 kuna safari nzima inapotea na wewe umeokoa dakika chache tu za kwenda kusimama kwenye jamu ya Mukono. Sasa nakwenda 70, barabara ikiwa tupu sana 75. Jamu yenyewe hainisumbui tena. Gari la petroli linakula likiwa limesimama, hili limenyamaza tu. Safari zangu bora kabisa za chaji ni Kireka hadi mjini asubuhi, katikati ya taksi na boda, siendi popote na situmii kitu.

Matairi. Kila fundi wa upepo hapa atakutilia 30 na kukuambia barabara zetu mbaya. Ya gari hili ni 36. Nilibishana na mmoja hadi nikamfungulia mlango nikamwonyesha kibandiko, akasoma, akasema hicho ni cha Japani. Nikamwambia na tairi pia ni la Japani, jaza.

Lingine lilinichukua wiki kuligundua na hata sasa likinijia naona aibu. Asubuhi za Kireka kuna ubaridi kidogo, digrii 18 hivi, na yule aliyekuwa na gari kabla yangu, huko Japani, aliacha kiyoyozi kwenye otomatiki, digrii 25. Basi kila asubuhi gari langu lilikuwa linawasha HITA. Hita, Uganda! Na hita ya gari la umeme haina moto wa bure wa injini, inakunywa betri moja kwa moja, kuliko hata ubaridi. Maandishi yote ni ya Kijapani, ningejuaje? Mpwa wangu ndiye aliyeelekeza simu kwenye skrini ikatafsiri.

Na kujaza mia kwa mia juu ya kilima ni kujitia hasara, hili hakuna aliyeniambia. Ukitoa mguu kwenye mteremko mota inageuka jenereta, inarudisha umeme. Lakini betri iliyojaa haina pa kuuweka, unashuka kilima chote cha Kireka kwa breki za kawaida, umeme wako unaishia kwenye vumbi la breki. Sasa nachaji hadi 80, gari lenyewe lina mpangilio huo, na betri pia inapenda hivyo kwa maisha yake. Nikiwa na safari ndefu tu ndipo najaza yote.

Hapo ndipo ningemwandikia kijana nyota tano. Mguu wangu ulikuwa mzito, nimeupunguza, asante mwalimu. Ila subirini.

Gari hili lina vijiti kumi na viwili pembeni mwa dashibodi vya afya ya betri, si vya chaji, vya afya. Siku nanunua vilikuwa 12, vimekamilika kama meno ya bibi harusi. Alinionyesha mwenyewe, akahesabu kwa kidole. Miezi michache tu, vikawa 11. Haujapita muda, 10. Kijiti cha kwanza hakidondoki hadi betri ipoteze kama asilimia 15, kwa hiyo mwendo huo si wa betri kuzeeka, ni wa uongo kufumuka. Mpwa wangu akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akafungua programu ya Leaf Spy kwenye simu: afya ya betri asilimia 74. Akanieleza kuna watu wanaofuta kumbukumbu ya kompyuta ya betri, vijiti vinarudi vyote 12, halafu gari likitembea kompyuta inajifunza upya na kusema kweli taratibu, wakati huo pesa imeshaliwa. Siwezi kuapa kwamba ni bondi ile iliyofanya. Huenda lilikuja hivyo kutoka melini. Lakini yule kijana ndiye aliyehesabu.

Na ile 200? Ni namba ya kipimo cha Kijapani, JC08, cha gari likiwa jipya. Wamarekani walilipima gari hilo hilo jipya wakatoa maili 73, ambazo ni kama kilomita 117. Jipya! Kwa hiyo hata malaika angeendesha, peku, bila abiria, 200 isingefika. Mguu wangu ulikuwa na kosa, lakini ulishitakiwa kwa makosa ya watu watatu.

Leo napata 130 kwa chaji moja, siku njema 135, kwenye betri ya 74. Naona fahari kuliko inavyostahili. Jinja naenda, nafika na asilimia 40, nachomeka kwa mama mdogo, na kabla ya kuondoka Kireka napiga simu kuuliza kama umeme upo. Kujaza kutoka chini hadi juu hainimalizii Yaka ya elfu kumi na sita, na petroli ya mwendo huo ingenitoa elfu hamsini au zaidi. Umeme wenyewe ni wa Nile, wa Bujagali na Karuma huko, sio wa meli. Ningelinunua tena? Kwa bei ile, hapana. Kwa bei ya vijiti 10, kesho asubuhi. Halafu nakumbuka kidole kile cha mafuta nasema hapana tena.

Wiki iliyopita simu ikaita, namba siijui. Ni yeye. Sauti tamu. "Hajjati wangu, nina mteja hapa amechukua gari kama lako, analalamika haliendi mbali. Wewe nasikia unapata 130. Nikupe umweleze unavyoendesha?" Nikamwambia mpe simu. Akaja mama mmoja, kwa sauti ni mtu mzima, akanisalimia shikamoo ingawa huenda ananizidi. Nikamwuliza swali moja tu, vijiti vya pembeni alipewa vingapi na leo viko vingapi. Akasema ngoja nihesabu. Nikamsikia anahesabu kwa sauti, "saba, nane, tisa, kumi, kumi na moja," na nyuma yake kijana anasema, "Mama hebu nirudishie simu."