Ubao mweupe wa ratiba ya wiki: unafaa, ila kagua uso wake

Kwa anayefundisha watoto wa miaka 5 hadi 8 nyumbani, ubao mweupe wa sentimita 60 kwa 90, kama unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule hapa Mbeya, unatosha kabisa. Unabeba safu 5, Jumatatu hadi Ijumaa, na mistari ya kusoma, kuandika, kuhesabu na kazi za mikono. Ukiwa mdogo zaidi, maandishi yanabanana na anayeanza kusoma anapotea.

Tatizo ni uso. Kwenye mbao za bei ya chini, wino ukikaa wiki nzima unaacha kivuli cha bluu kisichotoka kwa kitambaa kikavu. Pamba yenye spiriti hukitoa, lakini ukisugua kila mara uso unachubuka na wino unazidi kung'ang'ania. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba kuandika neno kwenye kona, subiri dakika 5, kisha ufute.

Nyumbani, majina ya masomo yaandike kwenye vipande vya manila na uvibandike kwa selotepu. Mtoto akimaliza somo, abandue kipande mwenyewe. Hapo ndipo ubao unapolipa.

Usijaze visanduku vyote. Dakika 15 kwa somo zinamtosha wa miaka 5, na 25 wa miaka 8. Jumatano mchana pabaki patupu kwa somo lililoponyoka. Juni na Julai, kwa baridi ya huku, anzeni saa 3 asubuhi baada ya uji: vidole vilivyokufa ganzi haviumbi herufi.