Huduma ya kunyoosha sentensi za Kiingereza, Mwanjelwa: hela yake ni halali, ila nenda umejipanga

Nilipeleka ripoti ya kikundi chetu cha wakulima wa viazi kwenye duka moja la steshenari hapa Mbeya, ambako yupo mwalimu anayepitia Kiingereza cha watu kwa shilingi 1,500 kila ukurasa. Programu ya simu ilishaipitia na kurekebisha "he go" na wenzake wote. Haikugusa sentensi zenye maana mbili, kwa sababu kisarufi hazina kosa.

Mwalimu alianzia hapo. "We threw away the bags of potatoes which were rotten." Kilichooza ni magunia au viazi? Kwa Kiswahili swali halizuki: magunia yaliyooza, viazi vilivyooza, ngeli imeshamaliza kazi. Kiingereza hakina msaada huo, kinategemea neno limekaa wapi, na ndiyo maana sisi tunanaswa hapa kila mara. Ukikimbilia "rotten potato bags" utata unabaki palepale. Akaivunja: "The potatoes had rotted, so we threw them away, bags and all."

Iliyofuata: "Farmers who spray often lose less." Hiyo "often" inatazama huku na huku. Kama ni wanaopiga dawa mara kwa mara, isogeze mbele: "Farmers who often spray lose less."

Ya hatari zaidi ilikuwa kwenye michango. "All members did not pay" tumeitoa moja kwa moja kwenye "wanachama wote hawakulipa". Mfadhili anaweza kusoma kwamba hakuna aliyetoa hata senti. Kama baadhi walilipa, ni "Not all members paid". Kama hakuna kabisa, "No member paid". Ndugu yake ni "You must not come" kwa maana ya "si lazima uje". Hapo umemkataza mtu kuja mkutanoni! Andika "You don't have to come."

Nilichokipenda ni kwamba anauliza "ulitaka kusema nini?" kabla ya kushika kalamu. Nisichokipenda ni mapenzi yake kwa maneno mazito: "start" anaigeuza "commence", "use" inakuwa "utilize". Nilizirudisha zote. Halafu hakuelezi sababu ya sahihisho usipomuuliza, na wanafunzi wa vyuo wakianza kukabidhi tafiti, foleni yake haisogei.

Chapisha upande mmoja wa karatasi, nafasi mbili kati ya mistari, la sivyo kalamu yake nyekundu haisomeki. Sentensi zipe namba. Chini ya kila unayoitilia shaka andika kwa Kiswahili ulichokusudia. Bila hivyo muda mwingi utaishia kwenye kuulizana. Na sentensi ikizidi maneno 25 hivi, ikate mwenyewe penye "which" au "and" kabla hujaondoka nyumbani, maana analipisha kwa ukurasa na sentensi mbovu akishaifungua huwa inarefuka.