Stashahada ya Usimamizi wa Matukio kwa Masafa: Tathmini ya Aliyehitimu

Nilijiunga na stashahada ya mwaka mmoja ya usimamizi wa matukio, inayofundishwa kwa masafa na kumalizikia kwenye mafunzo kwa vitendo, nikiwa tayari nimeshasaidia kuandaa mikutano na harusi kadhaa bila kufundishwa na mtu. Chuo sitakitaja, kwa kuwa mengi nitakayoyasema, mazuri kwa mabaya, yanafanana na niliyoyasikia kutoka kwa wenzangu waliosoma kwingine.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ni ile ambayo matangazo ya kozi hayaigusi kabisa. Picha za matangazo ni za mataa, maua na majukwaa, ilhali masomo yenye uzito yalikuwa ya hesabu na usalama. Katika somo la bajeti tulipewa tamasha la kubuni ambalo gharama zake zisizobadilika, yaani ukumbi, jukwaa, vyombo vya sauti na ulinzi, zilikuwa 6,000. Kila mgeni alikuwa akigharimu 20, na kiingilio kilikuwa 50. Kila mgeni basi huacha 30, na tamasha halijilipi mpaka afike mgeni wa 200. Hadi hapo ni hesabu ya shule ya msingi. Kisha mwalimu akatuongezea gharama ya 1,500 kwa ajili ya jenereta ya akiba, idadi inayohitajika ikapanda hadi 250, na ndipo akatukumbusha kwamba ukumbi umeruhusiwa kupokea watu 220 tu. Hakukuwa tena na tiketi za kuuza ambazo zingetuokoa: ilibidi tupandishe kiingilio, tupunguze jukwaa, au tulifute tamasha mapema. Tulibishana siku tatu, na nilijifunza zaidi katika mabishano hayo kuliko katika miaka yangu yote ya kuandaa shughuli kwa kukisia.

Somo la usalama wa umati lilifundishwa kwa uzito huohuo. Tulichambua maafa ya Love Parade, tamasha la muziki lililofanyika mjini Duisburg, Ujerumani, mwaka 2010, ambapo watu 21 walipoteza maisha katika msongamano kwenye njia iliyotumika kwa kuingilia na kutokea pia. Baada ya uchambuzi huo kila mwanafunzi alichora ramani ya eneo la tukio lake, akapima upana wa milango na kueleza umati ungezuiwa wapi kabla haujafikia watu watano katika mita moja ya mraba, kiwango ambacho wataalamu hukichukulia kuwa mwanzo wa hatari. Tangu hapo siwezi kuingia ukumbini bila kutafuta mlango wa pili kwa macho, tabia inayowaudhi ninaoandamana nao.

Masoko yalifundishwa juujuu, na yeyote anayejua kutumia mitandao ya kijamii hatapata jipya. Kuhusu utunzaji wa mazingira, kijitabu chetu kilieleza kiwango cha kimataifa cha ISO 20121 kwa toleo la mwaka 2012, lile lililohusishwa na Olimpiki ya London, ingawa kiwango hicho kimefanyiwa marekebisho mwaka 2024. Chuo kinachotoza ada kila mwaka kingeweza kuhuisha kurasa chache.

Lawama yangu kubwa ni ya mafunzo kwa vitendo. Tuliahidiwa kumfuata mratibu tangu kikao cha kwanza na mteja hadi malipo ya mwisho ya watoa huduma. Badala yake nilikaa siku mbili kwenye meza ya usajili nikigawa vitambulisho, na mkataba wowote sikuuona. Jambo hili si dogo, kwa sababu fani hii huanza kumtambua mtu kwa kazi aliyoifanya. Hata cheti cha CMP (Certified Meeting Professional, yaani mtaalamu wa mikutano aliyethibitishwa), kinachotolewa na Events Industry Council na kuheshimiwa sana miongoni mwa waandaaji wa mikutano, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi kabla hajaruhusiwa kufanya mtihani. Anayetaka kujiunga aulize, kwa maandishi, atafanya saa ngapi uwandani, chini ya nani, na katika hatua zipi za tukio.

Kwa masomo hayo mawili ya mwanzo ningelipa ada tena, ila mafunzo kwa vitendo ningejitafutia mwenyewe. Katika usaili mara mbili niliofanyiwa baada ya kuhitimu, hakuna aliyefungua stashahada yangu. Wote walitaka kuona ratiba ya dakika kwa dakika niliyowahi kuiandika na bajeti inayolinganisha makadirio na matumizi halisi. Chuo hakirudishi kazi kikishazisahihisha, na zangu zilipatikana kwa sababu tu sikuwa nimefuta barua pepe za zamani.