Unataka kuzalisha samaki wa mapambo Bukavu? Anzia kwa frigo iliyokufa

Watu wengi wakianza wanakimbilia tangi la kioo, na mimi nilikimbilia, juu inapendeza na wageni wakiingia wanaangalia. Lakini Bukavu tuko juu, karibu mita 1,500, usiku baridi inashuka na delestaji, ule mgao wa umeme, haibishi hodi, kwa hiyo chombo cha kununua ni kile kinachotunza joto umeme ukienda. Nawapangia vyombo vinne, kuanzia kilicho bora, kwa mtu anayeanza na guppy, wale samaki wadogo wa rangi, wanazaa kila wiki 4 hivi na hawana maringo.

Namba 1 ni frigo iliyokufa. Cheka tu, halafu uende kwa fundi wa frigo umuombe ile bodi, yaani sanduku lake, peke yake, gesi na mota ashatoa. Unailaza mgongo chini, unajaza maji. Ndani ya kuta mule kuna povu, ile ile ilikuwa inazuia joto kuingia sasa inazuia joto kutoka, na ya ukubwa wa kawaida inabeba zaidi ya lita 100, maji mengi hayapoi haraka. Kabla ya kulipa pitisha mkono kwenye plastiki ya ndani yote, ikiwa na ufa acha, maji yakishaingia kwenye povu imekwisha hiyo. Kile kitundu cha nyuma cha kutolea maji ziba na silikoni. Mlango ng'oa kabisa, watoto wanapenda kujificha humo. Ubaya wake samaki unawaona kwa juu tu, na ukishajaza haisogei tena.

Namba 2, beseni kubwa ya plastiki, lita 60 mpaka 80, sokoni Kadutu zimejaa. Mdomo mpana, hewa inaingia vizuri. Weka chini yake povu au makartoni, usiku funika na ubao. Kama pesa inatosha chukua mbili, juu guppy anakula watoto wake mwenyewe, ile ya pili ni ya kuwahamishia. (Usichukue ya mama ya kufulia, mimi nilisikia maneno wiki nzima.) Uzi wa nailoni uchemshe kwanza rangi itoke, ufunge mafungu ndani, watoto wajifiche humo mpaka uwatoe.

Bidoni ya njano ya lita 20 naiweka ya 3. Ikate ubavuni, si juu, ilale. Ni ya kumtenga jike mwenye mimba siku chache, zaidi ya hapo baridi inamkuta. Iwe ilibeba mafuta ya kula, ya mazuti hata uoshe mara kumi usiweke samaki.

Kioo njo mwisho. Lita 60 ni kilo 60 za maji peke yake, meza yako inaweza? Na ukitengenezesha, silikoni iwe ile safi inanuka siki, ile ya bafuni ya kuzuia ukungu inaua samaki. Kinunue baadaye, ukiwa na wa kuwaonyesha wateja.

Pesa iliyobaki peleka kwa pompa ya hewa na filta ya sponji. Pompa itundike juu kuliko maji! Yangu ilikuwa chini sakafuni, umeme ukakatika usiku, maji yakarudi kwa mpira wa hewa, asubuhi nakuta pompa imekufa na zulia linaogelea. Maji ya bomba nayo yaache wazi siku nzima klorini itoke, ndipo uende kutafuta samaki.