Chicago hadi California na watoto wawili: chumba cha familia kwenye treni ya California Zephyr

Wazazi wenzangu, safari ya kwanza kwenda Marekani tulikodi gari na kwa kweli nikiwa na watoto wadogo sirudii. Kampuni ilituahidi siti ya mtoto, tumefika haipo, tukakaa kusubiri, afu ukishaingia barabarani ni masaa na masaa watoto wamefungwa mikanda wanalia, baba yao anaendesha hadi macho mekundu. Ile nchi ni kubwa jamani, kwenye ramani unaona kipande kidogo kumbe ni siku nzima.

Mara hii tukapanda California Zephyr ya Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, Chicago hadi Emeryville jirani na San Francisco, karibu kilomita 3,900, majimbo 7, mnalala njiani siku mbili. Tulichukua chumba cha familia na hicho ndo kimeniteka. Kipo chini kwenye behewa la kulala la ghorofa, kimechukua upana wote wa behewa yaani una dirisha huku na huku, vitanda vinne, viwili vya wakubwa na viwili vifupi vya watoto, mchana vinakunjwa mnapata pa kukaa. Choo na bafu havimo ndani ila viko hukohuko chini, mtoto akiamka usiku hakuna kuhangaika na ngazi. Mwanangu mdogo, ambaye nyumbani analala kwa kubembelezwa, huku treni ilimbembeleza yenyewe hadi asubuhi.

Ukiwa na chumba milo imo kwenye tiketi. Meza ni za watu wanne, mkiwa pungufu mnachanganywa na abiria wengine, sisi tulitosha.

Sasa mkishapita Denver msibaki chumbani, madirisha ya chini ni madogo. Wahini behewa la kutazamia, vioo vinapanda mpaka kwenye dari, maana hapo treni inapanda milima ya Rocky, inaingia handaki la Moffat la kilomita 10 lililofunguliwa 1928, giza hadi watoto wakanishika mkono, afu mkitoka mnafuatana na mto Colorado masaa mengi, mwanangu mkubwa hakuomba simu hata mara moja na mtandao wenyewe kule milimani unapotea tu, kwa hiyo katuni za jioni pakueni mapema. Utah mnaipita jioni na usiku, kesho yake jangwa la Nevada kisha milima tena. Saa mnarudisha nyuma mara mbili njiani, watoto wataamka alfajiri, jiandaeni.

Kingine, kila behewa la kulala lina chumba cha familia kimoja tu, kateni miezi mingi kabla. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 nauli yake ni nusu, ila chumba chenyewe mnakilipia hivyohivyo. Na reli nyingi kule ni mali ya kampuni za treni za mizigo, ratiba inaweza kusogea, msikate ndege ya jioni ileile mnayofika. Mnashukia Emeryville, basi linawavusha daraja hadi San Francisco.

Mkubwa ameshaniuliza tunapanda tena lini, nimeanza kupiga hesabu za treni ya Coast Starlight, ile ya Los Angeles hadi Seattle.